Drafti ya Hewani

"Nimewashinda drafti wanaume saba kuanzia Usenge mpaka Muhuru, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniona magoti!"

Perez Akumu aliyasema hayo mwaka 1993, amesimama mbele ya kanisa lililojaa huko Nyalenda, kwenye harambee ya mabati. Msimamizi alikuwa ameomba kila mtu ataje jina na kazi yake kabla ya kuweka kitu kwenye sahani. Wengine walisema mimi ni fundi, mimi ni mwalimu, mimi nauza nyanya Kibuye. Perez akasema yake. Kwaya ilicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha kijiti. Mchungaji akakohoa kile kikohozi cha wachungaji ambacho hakitoki kifuani, kinatoka kwenye kamati.

Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mlango, na nilidhani mama huyu amepagawa. Baadaye nikajua kila neno lilikuwa kweli, isipokuwa idadi. Mmoja wa hao saba, yule wa Kituo Tano, alikuwa akishindwa na kila mtu, kwa hiyo hakustahili kuhesabiwa.

Perez ni mtu wa Sondu. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na wanawake waliongoja foleni ya unga walicheza drafti kwa vifuniko vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa makaa. Huko ndiko alikojifunza, akiwa na miaka minane, kwa kupigwa makofi ya kichwa na mama wa watu kila alipocheza vibaya. Alisoma mpaka kidato cha pili. Akaja Kisumu, akafanya kazi ya simu kwenye hoteli moja, akaolewa, akaachwa, akabaki na binti yake Rosa na chumba kimoja Nyalenda, mwendo wa dakika tano kutoka kwenye bomba la maji na ugomvi wake. Mwaka 1987 akapata kazi katika kampuni ya samaki iliyoitwa Nam Baridi. Kazi ya redio.

Kwa wasiojua: miaka ile kila mzungu huko kwao alikuwa ameanza kula mbuta wetu, yule samaki mkubwa wa ziwani. Nam Baridi ilikuwa na stoo za barafu pande zote za ziwa, nane kwa jumla pamoja na ofisi ya Kisumu, na kila stoo ilikuwa na redio inayotumia betri ya gari. Ofisi ya Kisumu ilikuwa Kituo Moja. Asembo ilikuwa Tatu, Kendu ilikuwa Nne, Mfangano kule kisiwani ilikuwa Saba, na kadhalika. Perez alikaa kwenye kiti chenye mgongo, cha kwanza maishani mwake, akiuliza siku nzima nani ana samaki wangapi, nani ameishiwa barafu, lori limekwama wapi.

Kampuni ilikuwa na kanuni kumi na mbili za redio zilizobandikwa ukutani. Mbili ndizo zenye maana hapa. Kanuni ya nne: hakuna kutaja jina la mtu hewani, ila namba ya kituo tu, kwa sababu kampuni pinzani zilisikiliza na zingeweza kuwanunua wafanyakazi. Kanuni ya saba: kuanzia saa nane na nusu mchana mpaka saa kumi na nusu, redio zote zizimwe ili betri zipumzike. Atakayekamatwa ameiwasha kwa mambo yasiyo ya samaki, atoke na asirudi.

Perez aliijua kanuni ya saba kuliko aliyeiandika. Yeye ndiye aliyevisomea vituo siku ilipoletwa. Alijua pia kwamba bila kile kiti Rosa hatamaliza shule. Hakuna aliyekuwa amemficha lolote.

Lakini hebu wewe kaa Mfangano kwenye stoo ya barafu saa tisa mchana, mashua zimeshakuja, samaki wameshapakiwa, na rafiki yako ni nzi. Masika ya mwaka 1989, sauti moja ilitokea kwenye redio ambayo Perez alikuwa anakaribia kuizima.

"Moja, Moja, hapa Saba. Unajua drafti? Ova."

"Saba, mimi ni mtu wa Sondu. Ova."

"Sikuuliza kwenu. Ova."

"Ndiyo nimekujibu. Ova."

Nyumba nyeusi za ubao wa drafti ni thelathini na mbili. Walizipa namba, moja mpaka nne upande wa juu, ishirini na tisa mpaka thelathini na mbili upande wa chini. Kila mmoja akaweka ubao wake mbele yake. Ukisikia "kumi na moja kwenda kumi na tano," unasogeza kete ya mwenzako kwa mkono wako mwenyewe. Kufikia mwisho wa mwaka vituo vyote vilikuwa vinacheza. Wawili wanacheza, wengine wanasikiliza kimya na mbao zao, wakisogeza pamoja.

Na hawakujuana. Hilo ndilo watu hukataa kuamini. Kila stoo ilikuwa na watu wanne au watano, karani, mlinzi, wapakiaji, na yeyote angeweza kushika kipaza sauti. Kampuni ilikuwa imekataza majina, nao wakatii. Miaka saba Perez alicheza na Saba bila kujua kama ni karani au mlinzi, kijana au babu. Alijua tu kwamba ana pumu, na kwamba akikaribia kushinda huanza kupumua kama kinu.

Sasa, mchezo wa aina hii ungeweza kuwa wa wezi. Nani ataona? Siku moja mbuzi aliingia stoo ya Mfangano na kuupindua ubao. Saba akasema hewani, kwa sauti ya msiba, "Moja, mbuzi amenimaliza. Sikumbuki kete zilikuwa wapi. Ova."

Ningekuwa mimi, ningemrudishia ubao wenye kete mbili pungufu na dhamiri safi kabisa. Perez alimsomea nyumba moja baada ya nyingine, kete zake na za mwenzake, pamoja na ile kete ya Saba iliyokuwa kumi na nane, tayari kumla mbili kwa mpigo. Saba akaipanga. Akamla mbili kwa mpigo. Akashinda.

"Asante, Nyar Sondu," akasema. Alikuwa amempa jina hilo, binti wa Sondu, na kwa kuwa halikuwa jina la mtu, kanuni ya nne haikuvunjika. "Asante, na pole. Ova."

Kutoka siku hiyo ikawa desturi, wakaiita kusomeana ubao. Aliyepotelewa na kete zake husomewa na yule anayecheza naye, na wasikilizaji hukaa kimya kwa sababu hakuna haja ya kuhakikisha. Hakuna aliyewahi kusomewa uongo.

Siku nyingine Mbili alisema, "Leo sichezi. Nimezika mtoto jana. Ova." Hakuna aliyejua la kusema kwa mtu ambaye humjui hata jina. Kwa hiyo wote waliacha redio wazi mpaka saa kumi na nusu, bila kucheza na bila kuongea, vituo vinane vinapumua tu. Betri zikaliwa bure. Mtu wa hesabu angesema ni hasara. Mimi nimesoma nusu ya diploma ya usimamizi wa biashara, na katika nusu ile hawakutufundisha pa kuiandika saa kama hiyo. Huenda ilikuwa kwenye nusu iliyobaki, ingawa nina shaka.

Halafu likaja gugu. Mnamkumbuka mnyama huyo wa kijani aliyefunika ziwa? Tuliamka siku moja mwaka 1996 tukadhani ghuba imekuwa shamba. Upepo ukivuma unalihamisha, asubuhi liko Kendu, jioni limefunga Kisumu. Kampuni iliendelea kutuma boti zake za barafu na samaki humo humo, kwa sababu mzungu yule kule kwao alikuwa bado ana njaa.

Mwezi wa kumi mwaka huo, saa tisa mchana, Perez na Saba walikuwa katikati ya mchezo. Ikaingia sauti nyingine.

"Moja, hapa boti. Najua mnacheza. Samahani kwa kuingilia."

Alikuwa Absalom, nahodha wa boti ya kampuni. Alikuwa na watu wawili na tani mbili za mbuta, kati ya Kendu na Asembo. Gugu lilikuwa limejisokota kwenye panga la injini. Injini ilikuwa imechemka na kufa. Mkeka wa gugu ulikuwa unasukumwa na upepo, unaipanda boti ubavuni na kuilaza, na maji yalikuwa yanaingia.

"Yawa!" akasema Perez. "Umekaa hivyo tangu lini?"

"Tangu saa nane. Niliita kwenye saa ya kazi, betri yangu ikakataa. Sasa imekubali kidogo. Mama, hatujui kuogelea."

Soma hapo tena. Kampuni ilikuwa imewapa samaki barafu, na watu haikuwapa hata boya.

Meneja wa usafirishaji, Bwana Wakhisi, alikuwa ameenda chakula cha mchana Milimani na hakuwa na haraka ya kurudi. Kama Perez angeita vituo kwa sauti saa hiyo, na vituo vikajibu, kampuni nzima ingejua kwamba kwa miaka saba redio hazikuwahi kuzimwa. Aliliona hilo. Ameniambia mwenyewe kwamba aliliona lote, na Rosa ndani yake, kwa muda unaotosha kusogeza kete moja.

"Vituo vyote," akasema, "ondoeni kete. Nisikilizeni."

Akaugeuza ubao kuwa ziwa. Akawaambia safu ya juu, moja mpaka nne, ni pwani ya Asembo. Safu ya chini ni pwani ya Kendu. Kushoto ni ziwa kubwa, kulia ni Kisumu. Hakuna aliyeuliza swali. Walikuwa na ubao mmoja vichwani mwao kwa miaka saba.

"Absalom, washa kitambaa cha dizeli, nataka moshi. Tatu, panda juu ya stoo. Nne, panda kwenye tangi la maji. Niambieni moshi uko nyumba gani."

"Hapa Nne. Naona moshi. Kama kumi na tisa hivi."

"Hapa Tatu. Sisi tunauona kumi na tano. Labda katikati."

"Gugu linaelekea wapi?"

"Hapa Tatu. Kulia, Nyar Sondu, lote linaenda kulia. Lakini ngoja... kumi na nne pameachana. Naona maji meusi."

Perez alipanga vifuniko vya soda, kila kifuniko ni gugu, akavisogeza kadiri walivyomwambia. Absalom hakujua drafti, kwa hiyo alimtafsiria: sukuma kwa mti upande wa kushoto kwako, sasa acha, sasa sukuma tena.

"Hatuendi, mama. Boti ni nzito."

"Tupa."

"Nitupe nini?"

"Samaki."

"Mama, hawa ni samaki wa kampuni."

"Absalom, mbuta anajua kuogelea. Wewe hujui. Tupa!"

Wakatupa. Tani mbili zikarudi ziwani zilikotoka, zimekufa lakini zimerudi. Boti ikainuka. Saba, aliyekuwa mbali mno kuona chochote, alikuwa kila mara akirudia namba polepole kwa wale ambao redio zao zilikwaruza, akipumua kama kinu. Tatu akawatuma wavuvi wawili wa Asembo na mtumbwi mwembamba unaopita kwenye mwanya. Saa kumi na moja kasoro robo, Absalom na wenzake walikuwa kwenye mchanga wa Asembo, wanatapika maji na kumtukana kila mkurugenzi kwa jina.

Sasa tuje kwenye hasira, maana mpaka hapa nimejitahidi.

Siku mbili baadaye Perez aliitwa ofisini. Walikuwepo Wakhisi na mkurugenzi aliyetoka Nairobi akiwa na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga maganda ya samaki. Wakhisi hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi. Alitaka kumwokoa. Alikuwa amempangia jibu.

"Mama Rosa," akasema, "siku ile ulisahau tu kuzima redio, sivyo? Na hao wengine nao walisahau. Bahati nzuri."

Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Ndiyo moja tu, hata ya kuitikia kwa kichwa, na kiti kingebaki chake. Mjinga yeyote wa Kisumu angeitikia. Mimi ningeitikia kabla hajamaliza kuuliza.

Lakini Perez aliulizwa kilichotokea, na kwa miaka saba, akiulizwa kilichokuwa kwenye ubao, alisoma ubao. Hakukumbuka kwamba wanaume hawa wawili hawakuwa wachezaji.

"Sikusahau," akasema. "Nilikuwa nacheza drafti. Saa tisa na dakika kumi nilikuwa na kete sita, yeye saba. Tunacheza kila siku tangu mwaka themanini na tisa."

Wakhisi akafumba macho.

"Na nani?" akauliza mkurugenzi.

"Na Saba."

"Saba ni nani?"

"Sijui."

"Umecheza na mtu miaka saba na humjui? Unanichezea mimi?"

"Hapana, baba. Wewe hujui hata kupanga kete." Hilo hakulisema kwa dharau, aliniapia. Alikuwa anajibu swali. "Kanuni yenu ya nne inasema tusitaje majina. Hatukutaja."

"Mfangano kuna wafanyakazi watano. Ni yupi kati yao?"

"Yule ambaye hajawahi kuniibia."

"Mama," Wakhisi akasema, karibu analia, "toa jina moja tu. Hata la kubahatisha."

"Nikibahatisha nitakuwa nimemsomea mtu ubao wa uongo, Bwana Wakhisi."

Walimpa barua siku hiyo hiyo, yeye peke yake, maana wengine hawakuwa na majina. Sababu zilikuwa matumizi mabaya ya mitambo, na kuamuru mali ya kampuni itupwe. Juu ya watu watatu walio hai, barua haikuwa na nafasi.

Nilimkasirikia sana. Nilienda kwake nikamwambia: mama, wale si wenzako, ukweli wako umewapa wao kisu na Rosa ndiye amekatwa. Alikuwa anaosha sufuria. "Nimesikia," akasema. "Unataka chai au unataka kunifokea mpaka jioni?" Nikanywa chai. Bado nimekasirika. Rosa aliacha shule kidato cha tatu, muhula huo huo, akaenda kusuka nywele Migosi, na anasuka vizuri, na kila anayesema "angalau anasuka vizuri" namtazama mpaka aondoke.

Mwisho wa mwaka Nam Baridi ikatoa kalenda. Kwenye mwezi wa kwanza wa 1997 kuna picha ya Absalom, anatabasamu, amevaa boya la rangi ya chungwa. Lile boya liliazimwa kwa ajili ya picha na likarudishwa saa ile ile. Absalom mwenyewe ameniambia hakuruhusiwa kulivaa mpaka kwenye gari. Chini yake pameandikwa kwamba mawasiliano ya kisasa ya kampuni huokoa maisha. Kalenda iko kwenye ukuta wa kila baa mjini. Nimeigeuza uso katika baa tatu, na katika ya nne nilitolewa nje.

Vituo vilifanya vilichoweza. Redio sasa huzimwa kweli, mlinzi wa ofisi hukagua. Lakini malori ya samaki hayawezi kuzimwa. Wiki ya tatu baada ya barua, dereva wa lori la Homa Bay alisimama Nyalenda akashusha karai, jipya, la kukaangia, kubwa la kutosha kumwogeshea mtoto wa darasa la nne. Ndani yake kulikuwa na kikaratasi: "Kutoka kwa 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8." Hakuna jina. Perez alikisoma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe. "Hata Tano!" akasema. Kisha akakaa chini kando ya karai, akakisoma tena.

Usiniambie hiyo ni hadithi nzuri. Watu saba wenye mishahara ya kununulia chumvi, ambao hawajawahi kumwona, walimchangia karai. Watu wawili waliokaa naye meza moja wakimtazama usoni walimchukulia kiti. Sitaki kuguswa moyo. Nataka mtu aaibike, na mpaka leo naandika haya, mwaka 1998, sijamwona aliyeaibika.

Kwa karai hilo Perez hukaanga samaki Obunga, karibu na geti la kiwanda. Nyama ya mbuta huondoka kwa ndege. Kwetu hubaki kichwa, mifupa na mkia, na nyama kidogo iliyomponyoka mwenye kisu, kitu tunachokiita mgongo wazi. Huinunua alfajiri kwenye geti lile lile alilokuwa akiingilia na kitambulisho. Huikata, huitia chumvi, huikaanga, na saa tisa mchana huwa amesimama juani mbele ya mafuta yanayochemka. Kiti hana.

Ukipita hapo, nunua: mgongo wazi mmoja, mkubwa, pamoja na kachumbari, ni shilingi kumi na mbili.